Mapigo ya Nambari Kumi na Saba

Saa tatu kasorobo asubuhi mstari wa Nambari Kumi na Saba ulipanda ukaingia kwenye wekundu, na Daktari Gaudensia Lulandala akaweka chini kikombe cha chai ambacho alikuwa hajakionja. Hakuruka. Mtu aliyechoka miaka tisa mfululizo haruki. Alivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, akavaa miwani, akautazama tena mstari ule akiomba iwe ni vumbi.

Haikuwa vumbi. Mapigo ya moyo mia na thelathini na nane. Jasho juu. Pumzi fupifupi. Chini yake yakajiandika maneno ambayo hakuwahi kuyaona kwa nambari hiyo: Gari limeitwa. Dakika sabini.

"Siyo Filotea," alisema peke yake. "Mwingine yeyote, lakini siyo Filotea."

Filotea Kihwele alikuwa fundi wa masweta ya shule pale pale Lyasongole, mji mdogo wa baridi juu ya milima ya Iringa. Mwaka uliotangulia alitembea siku mbili kwenye mvua bila kula, akiamini kwamba akisimama tu, watoto wote waliovaa masweta yake wataanguka chini popote walipo. Zamani, yaani kabla ya mradi wa Gaudensia, mtu kama huyo angefuatwa na gari jeupe, akapelekwa Makao ya Utulivu, akavishwa kofia ya nyaya na kulazwa usingizi wa siku tisini nyuma ya milango ya chuma. Wengi waliamka. Walirudi nyumbani wapole, wakisalimia kila mtu, wasiokumbuka jina la mbwa wao.

Gaudensia alifanya kazi Makao miaka sita. Hakuna aliyelazwa bila daktari kuweka kidole gumba kuthibitisha, na kidole chake kiliwalaza watu mia tatu na kumi na wanne. Hakuwa mtu mbaya. Ndugu walimshukuru, wengine walimletea viazi. Ila siku moja alimwona mama mmoja akilishwa uji na mwanawe, akimwambia, "Asante sana, kijana, nyumbani kwenu wapi?" Tangu siku hiyo akaanza kutafuta njia nyingine, na alichokipata hakikutoka katika kitabu chochote. Alikipata kwenye matanga.

Aliona kwamba kwenye msiba, ambapo ndugu hawajui la kusema na jirani anaogopa kusema, kuna mtu mmoja asiyeogopa. Mtani. Mngoni kwa Mhehe, Mhehe kwa Mngoni. Babu zao walipigana vita, wajukuu wakabaki na haki ya kutukanana bila kukasirikiana. Mtani humtania hata maiti. Humnyang'anya mfiwa kitu chake mpaka kikombolewe kwa kuku. Basi Gaudensia akauliza swali ambalo wenzake walilicheka: mtu anapoelemewa, kwa nini tumpelekee gari, tusimpelekee mtani akae naye?

Baraza la serikali lilikubali, kwa sharti. Serikali haikatai huruma, inataka tu huruma iwe na kamba. Kila mgonjwa avae utepe kifundoni mwa mkono, mwembamba kama ukindu, unaosikiliza moyo, jasho na usingizi mchana na usiku. Mstari ukigonga wekundu, gari linakuja. Mgonjwa akikutwa hana utepe, anachukuliwa. Na mtani akiuchezea utepe, tawi zima la mradi linafungwa, wagonjwa wote wanafuatwa saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo hiyo. Lyasongole walikuwa sitini na mmoja.

Na katika hao, Nambari Kumi na Saba ndiye aliyekuwa fahari. Siku thelathini na tatu mstari wake ulikuwa umelala kama maji ya kwenye ndoo. Baraza lilikuwa limeuona, likafurahi, likaagiza tepe elfu arobaini kwa ajili ya nchi nzima, kuanzia Julai.

Palikuwa na jambo moja dogo. Kila Jumamosi jioni jasho la Nambari Kumi na Saba lilikuwa na kilevi, kiasi cha vikombe viwili vya ulanzi. Filotea ni Msabato, hata soda ya rangi nyeusi haigusi. Gaudensia aliliona jambo hilo mara nne. Mara zote nne aliandika "togwa iliyochacha" akapita. Alitaka mstari ule uwe wa kweli, na mtu akitaka kitu sana huwa hakosi togwa ya kukielezea.

Alichukua kofia ngumu na ufunguo wa pikipiki.

*

Alimkuta Filotea kwenye cherehani ya kufumia, mlango wazi, akihesabu mistari ya sweta la kijani. Uso mkavu, mikono imetulia. Chungu cha maharage kilikuwa kinatokota uani.

"Karibu, Dokta! Mbona unahema hivyo? Kaa. Umekula?"

Gaudensia hakukaa. Alitazama mkono wa kushoto wa Filotea unavyokwenda na kurudi juu ya mashine. Palikuwa na alama nyeupe tu ya mahali utepe ulipokuwa ukikaa, na hata hiyo ilianza kufifia.

"Filotea. Utepe uko wapi?"

Mashine ikanyamaza. Filotea alishika sweta kwa mikono yote miwili.

"Anao Mngoni," alisema.

"Anao tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukaa na mimi vizuri." Akainua macho. "Dokta, usimkasirikie. Alinipora, unajua watani. Alikuja asubuhi moja ananikuta sijalala siku tatu. Akasema, 'Hiki kibangili cha serikali ni kizuri mno kwa mla mbwa, nipe.' Akakivua, akakivaa yeye. Akasema nikimletea jogoo ananirudishia."

"Na wewe?"

"Nikaenda kulala. Nililala mpaka kesho yake saa nane mchana. Nilipoamka nikawaza jogoo." Filotea alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Jogoo ninao watatu, Dokta. Sikumpelekea."

Siku thelathini na tatu. Gaudensia alikaa sasa. Mstari ule aliouonyesha kwenye mikutano, mstari uliopigiwa makofi, ulikuwa moyo wa yule Mngoni, mzee Longino Gama, fundi mwashi mstaafu, miaka sabini na moja, mpenzi wa ulanzi siku za Jumamosi. Waliotengeneza utepe walikuwa wamefikiria maji, moto, mkasi na meno. Hawakuwahi kufikiria kwamba binadamu atavaa kwa hiari kitu kinachoweza kuita gari jeupe. Inaelekea hawakuwa na watani.

"Nieleze jambo moja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Ulipokuwa nao mkononi, ilikuwaje?"

Filotea alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ugonjwa haukumpunguzia hilo.

"Ulikuwa unanisikiliza. Naamka usiku, moyo unakwenda mbio kidogo, kama wa mtu yeyote. Nasema, umesikia. Nikisema umesikia, moyo unazidi. Ukizidi, naona gari linawashwa huko mjini. Basi nakaa macho kuuzuia moyo wangu usiende. Umewahi kuuzuia moyo, Dokta? Ni kazi kuliko kufuma." Akalikunja sweta. "Mngoni akija tunacheka, lakini akiondoka nabaki na ule. Alipouchukua, nikabaki na Mngoni peke yake."

Gaudensia aliangalia saa. Zilibaki dakika arobaini na tano. Miaka minne alikuwa amepima hofu ya watu sitini na mmoja, na sehemu kubwa ya hofu hiyo aliwavisha yeye mwenyewe.

Halafu akakumbuka kilichomleta. Kama moyo haukuwa wa Filotea, kuna mtu mwingine aliyekuwa anaumia asubuhi ile.

"Mzee Gama yuko wapi?"

*

Alikuwa hapo hapo nyuma ya nyumba ya Filotea, juu ya rundo la matofali, simu imeanguka miguuni. Mwanamume mrefu, mikono mikubwa yenye nyufa za saruji. Utepe ulimkaa kifundoni umembana, ukimulika kidoa chekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Dada yangu Herswida amefariki Songea. Wamenipigia asubuhi hii. Alikuwa anachota maji bombani, akakaa chini, basi."

"Pole sana, mzee wangu. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa." Akaufuta uso kwa kiganja. "Hiki kidubwasha kinawaka. Nimekiudhi?"

Gaudensia alimweleza. Hakumficha kitu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kupanga uongo: gari liko njiani, utepe umeandikwa jina la Filotea, na daktari msimamizi ataombwa kidole. Akisema kweli, Filotea anachukuliwa sasa na wengine sitini jioni. Mzee alisikiliza akikwaruza saruji kwenye ukucha. Gaudensia alipomaliza, Longino alinyoosha mkono wenye utepe akauangalia kama kazi ya fundi mwenzake.

"Hao wa kwenye gari wanamjua Filotea?"

"Hawamjui. Wanaujua utepe."

"Basi hapo pana shida gani? Mimi ndiye Filotea." Akasimama, akajikung'uta. "Kwetu mtani akifa, navaa nguo zake, natembea kama yeye, watu wanacheka huku wanalia. Huyu sikungoja afe. Waambie ndiye mimi, weka kidole chako, waende. Siku tisini ni nini? Nimejenga choo cha shule siku mia moja na ishirini."

"Mzee, una miaka sabini na moja. Kofia ile wazee wengi hawaamki nayo."

"Ndiyo maana ya mzee," alisema Longino. Lakini aligeukia upande wa Songea, ambako dada yake alikuwa amelala hajaoshwa.

Na hapa, bila aibu, isemwe: Gaudensia alilipima jambo hilo. Alilipima kwa makini kama alivyopima mengine yote. Mzee mmoja kwa watu sitini na mmoja. Angesema ndiyo, tawi lingebaki, mradi ungebaki, jina lake lingebaki. Na Julai watu elfu arobaini wangefungwa ukindu mikononi kwa sababu ya moyo wa mwashi mmoja mcheshi, wakae macho usiku kuizuia mioyo yao, na kila ambaye angeshindwa angeandikwa kwamba huruma ilijaribiwa kwake ikashindikana.

"Nivulie," alimwambia mzee.

Ulitoka kwa shida. Ukawa kiganjani mwake, wa moto, ukipigapiga. Wazo lililomjia halikuwa la kishujaa hata kidogo. Aliona kitanda. Shuka nyeupe, pazia limefungwa, siku tisini ambazo hakuna anayempigia simu wala kumuuliza takwimu. Alijikuta ameishikiza ncha ya utepe kwenye mkono wake mwenyewe.

Filotea alikuwa amesimama mlangoni, sweta begani. Alikuja akauchukua ule utepe taratibu kutoka kiganjani mwake, jinsi mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hapana, Dokta. Wewe una usingizi tu. Usingizi siyo ugonjwa."

Gaudensia akalia. Hakulia sana, alilia jinsi bomba linavyovuja. Wale wawili wakamwacha alie, wala hakuna aliyemwandika.

Baadaye Filotea alimgeukia Longino. "Basi la Songea linapita saa tano. Umejiandaa?"

"Nijiandae nini, nina gari la kunichukua."

"Acha ujinga, mla panya wee. Dada amekufa unataka kulala?" Alikwishaanza kufungua aproni. "Nakuja na wewe. Msiba wa Wangoni bila Mhehe ni msiba gani? Nani atasugua sufuria? Nani atamwambia marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi?"

"Alikuwa mchoyo kweli," alisema Longino, akainama kuokota simu yake.

"Basi ataambiwa." Kisha akamtazama Gaudensia, na utani ukamtoka usoni. "Lakini wale sitini, Dokta. Nikiondoka, wao je? Kama ni kunivika, univike. Nitakaa."

Alinyoosha mkono. Hakuwa anaigiza, na hilo ndilo lililomuuma Gaudensia kuliko yote. Aliuchukua utepe, akaugusisha kwenye ngozi ya Filotea kwa muda wa kuhesabu kumi, huku akitazama mapigo kwenye kioo cha simu yake. Moja, mbili: themanini. Tano: mia na kumi. Tisa: mia na arobaini, na midomo ya Filotea imekauka. Akautoa. Hakuwahi kufanya kipimo kifupi kama kile maisha yake yote, wala kilicho wazi kama kile.

"Nenda msibani," alisema. "Songea ni mkoa mwingine, hati ya kukuchukua leo inaishia mpakani. Kesho watatafuta hati nyingine. Kuhusu wale sitini, niachie mimi."

"Utafanyaje?"

"Sijui. Nenda, basi lisikuache."

Filotea alizima mkaa, akafunika maharage, akachukua kanga mbili. Longino alitangulia, akageuka njiani.

"Mhehe! Jogoo wangu?"

"Utamla Songea, ukimkomboa dada yako kwanza!"

Wakashuka kuelekea barabarani wakitukanana, mzee akilia waziwazi, na Filotea akiwa amemshika kiwiko.

*

Gari jeupe lilifika saa nne kasoro dakika tano. Alishuka Onesmo Mdegela, ambaye Gaudensia alifanya naye kazi Makao, mvi zimemjaa sasa, kishikwambi mkononi. Alimkuta daktari kwenye benchi la nje, utepe uko juu ya meza.

"Dada Gau. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ameenda msibani."

"Msibani?" Onesmo alitazama utepe, akatazama nyumba. "Nani amemruhusu?"

"Ni mtani wao. Haombi ruhusa."

Gaudensia akamwonyesha alichokuwa ameandika. Kilikuwa kifupi kwa kumbukumbu za mradi, na kilikwisha kwenda Barazani, kwenye vyuo vyote viwili na kwa mtu yeyote aliyewahi kumwomba ule mstari: Mapigo ya Nambari Kumi na Saba kwa siku 33 ni ya mtani wake, Longino Gama. Katika siku hizo mgonjwa hakuvaa utepe. Amelala, amekula, amefanya kazi, amekwenda kuhani. Utepe ukirudishwa, moyo wake unafika 140 ndani ya sekunde tisa. Nilichopima miaka minne ni utepe. Msiuagize.

Onesmo alisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya naye.

"Umejimaliza, dada. Na umewamaliza na wao. Mtani ameuchezea utepe, umeandika mwenyewe. Unajua kanuni. Saa kumi na mbili magari sita yatapanda mlima huu."

"Najua."

"Ungeniita kando tukaongea. Ningeandika mzee ndiye Kumi na Saba."

"Ndiyo maana sikukuita."

Onesmo alikaa kwenye ncha ya benchi. Kwa muda walikuwa wazee wawili wa kazi moja, wanaotazama barabara. Kisha akasimama, akasema lazima aripoti, na Gaudensia akasema aripoti.

Gari lilipozunguka kona, alitoa orodha mfukoni. Majina sitini. Alitazama saa: saa nne u nusu. Muda wa saa saba na nusu, watu sitini. Kila mmoja dakika saba, na kunywa maji hakumo. Katika miaka minne alikuwa amewaamulia hawa waende wapi, walale lini, wakae na nani, na maamuzi yake mengi yalikuwa mazuri. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye yeye alimweleza jambo zima kisha akanyamaza asikie atasema nini. Alijua wengine wataogopa. Alijua pengine mmoja ataumia leo kwa sababu ya simu yake, na kwamba jina hilo atalibeba mpaka kaburini. Hata hivyo alibonyeza jina la kwanza.

Iliita muda mrefu.

"Nani?" Sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu aliyezoea kusema kidogo.

"Bwana Lutengano, ni Daktari Lulandala. Nina jambo la kukwambia, ni zito, linakuhusu wewe. Nikimaliza, utaamua mwenyewe cha kufanya, nami nitakusaidia kwa hicho utakachoamua."

Alisikia jogoo kwa mbali, na pumzi.

"Dokta," ile sauti ikanong'ona, "nani mwingine anasikiliza?"

Gaudensia alifumba macho.

"Hakuna," alisema. "Ni mimi na wewe tu."

Ndipo kule upande wa pili, baada ya miaka minne ya majibu ya ndiyo na hapana, Bwana Lutengano akaanza kuongea.